Mlango wa Kulia

Wiki jana niliwaacha nimesimama kwenye ngazi za Mzee Leidulf, mlango nimeshaugonga na miguu inataka kurudi nyumbani. Leo naingia, nipende nisipende.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitamfupishia. Naitwa Torunn. Mume wangu ni Oddgeir, aliyekuwa mkata ngozi katika kiwanda cha makochi. Ujanani alikuwa akishindana kwa magari chakavu kwenye viwanja vya changarawe, na katika mji wetu wa Volda hakukuwa na wa kumkamata. Mtoto wetu ni mmoja tu, binti yetu Ragna, ana miaka kumi na saba.

Kabla ya haya yote, ugomvi wetu mkubwa ulikuwa gari. Oddgeir alitaka linaloruka. Mimi nilitaka la kubeba skii, mbwa, na kiti cha magurudumu cha mama yangu. Mwishowe tukapata la umeme, la kijani, likatupatanisha: buti lake linameza mizigo ya ukoo mzima, nyuma mtu mrefu anakaa bila kukunja magoti, na ukilikanyaga kidogo tu unahisi shingo imebaki ulikotoka. Ragna alilipa jina: Suluhu.

Basi furaha yetu ikaishia hapo. Theluji ilipoyeyuka, kiwanda kikamwachisha Oddgeir kazi. Mwezi Oktoba, Suluhu likamgonga Mzee Leidulf, jirani yetu, kwenye kona ya nyumba ya mashua, akavunjika nyonga. Ragna alikuwa akijifunza kuendesha, na baba yake ndiye aliyekuwa akimsimamia. Polisi walipofika, mtoto hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi niliyekuwa kwenye usukani," akasema.

Mzee Leidulf alipotoka hospitali, akanitumia salamu niende kwake, tena niende peke yangu. Nilijua naitiwa matusi. Niliona ni haki yake.

*

Alikuwa kwenye kiti karibu na jiko la kuni, magongo yameegemea ukuta. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa mitupu.

"Kaa, Torunn. Kahawa iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe. Mimi siku hizi kunyanyuka mpaka niitishe mkutano."

"Mzee Leidulf, kabla hujasema lolote, niache nikuombe radhi tena. Mtoto wangu..."

"Ndilo nililokuitia. Mtoto wako." Akanikatiza kwa kiganja. "Hebu niambie, gari lenu lina usukani upande gani?"

Nikadhani dawa zimempanda kichwani. "Kushoto, mzee. Kama magari yote ya hapa."

"Na Ragna siku ile alitokea mlango gani?"

"Sijui. Sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa chini, shavu kwenye lami, viazi vyangu vinabingirika kuelekea majini. Gari lote lilikuwa mbele yangu. Mtoto wako alitoka mlango wa kulia anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka. Mlango wa kushoto ulikuja kufunguka baadaye sana. Akatoka Oddgeir."

Kahawa ikanimwagikia gotini. Sikuisikia ilivyounguza.

"Una hakika, mzee?"

"Nimevunjika nyonga, Torunn. Macho hayajavunjika."

"Mbona hukumwambia polisi?"

"Kwa sababu mtoto alipiga magoti pale barabarani, akanishika mkono, akasema, 'Mzee Leidulf, nakuomba.' Sikujua ananiomba nini. Mara nikamsikia anamwambia polisi kwamba ni yeye. Nikasema moyoni, kama mtoto ameamua kuubeba mzigo huu mwenyewe, mimi ni nani nimpokonye? Nikanyamaza."

"Na leo kwa nini unasema?"

Akageukia dirishani. Kutoka pale unaiona nyumba yetu yote: uwanja, gereji, sanduku la barua kando ya barabara.

"Juzi nilimwona Oddgeir anamgombeza pale kwenye sanduku la barua. Nikafungua dirisha. Alikuwa anamwita muuaji wa wazee. Jamani, mimi sijafa! Na mtoto ameinamisha kichwa, hajibu. Kunyamaza kwangu nilimpa yule binti kama zawadi. Sasa naona mnamchapa nayo."

Niliondoka bila kuaga vizuri. Kila hatua hasira iliongezeka. Nilikumbuka Oddgeir alivyoibandua ile herufi nyekundu ya mwanafunzi wa udereva nyuma ya gari, akaitupa kwenye pipa mbele ya macho ya Ragna. Nilikumbuka anavyokataa kukaa naye sebuleni. Na nilikumbuka ndoto ya mwanangu tangu akiwa mdogo: kuendesha gari la wagonjwa. Kosa hili likiandikwa kwa jina lake, ndoto hiyo ndiyo imekwisha.

Nikasema peke yangu barabarani, kumbe nimelala miaka yote hii na mwoga.

*

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kwetu ni madonge ya viazi na nyama ya kondoo. Nje giza lilikwishaingia, ingawa Ragna ndiyo kwanza alikuwa ametoka shule. Walikuwa mezani wote wawili. Ragna alinyoosha uma kuchukua kipande chenye mafuta kidogo.

"Weka hicho," Oddgeir akasema. "Aliyemvunja mzee wa watu nyonga hachagui kipande."

Ragna akakiweka.

Nikapiga meza mpaka kichupa cha chumvi kikalala. "Oddgeir! Nani alikuwa akiendesha?"

"Mama, acha," Ragna akasema haraka.

"Nyamaza wewe. Nimetoka kwa Mzee Leidulf. Ameniambia nani alitokea mlango gani."

Uso wa Ragna ukageuka mweupe kama sahani. Sikumjali. Niliyekuwa namtaka ni baba yake.

"Sema mbele ya mwanao! Mwanaume mzima unamtwika mtoto kosa lako, halafu bado unamtukana kwa kosa hilohilo! Huna haya?"

Nimekaa na Oddgeir miaka mingi. Akidanganya anajishika sikio. Nilingoja mkono upande.

Haukupanda. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Torunn, unaumwa? Ragna alikuwa anaendesha. Nilimwambia punguza, hiyo kona. Nilimwambia." Machozi yakaanza kumtoka, mume wangu ambaye hakulia hata kwenye maziko ya mama yake. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Watu watasema mtoto wa Oddgeir, yule bingwa, ndiye aliyemgonga mzee. Unadhani nalala?"

Hasira ikanitoka yote mara moja, nikabaki mtupu.

Wasomaji wangu, kuna jambo sijawahi kulisema kwenye hadithi hii, kwa aibu. Kazi yangu ni kuwatunza wazee waliopotewa na kumbukumbu, kwenye makao yao. Ndiyo mkate wangu. Nina bibi mmoja kule anayeapa kila asubuhi kwamba nimemwibia ndara zake, na amezivaa. Hadanganyi. Akili ikitoboka hujiziba yenyewe, inaokota kiraka chochote kilicho karibu. Macho ya mtu huyo nayajua. Nayaona kazini kutwa nzima.

Sasa yalikuwa yananitazama juu ya meza yangu, kwenye uso wa mtu wa miaka hamsini na minne.

"Oddgeir," nikasema polepole, "leo ni siku gani?"

Akacheka. "Usiniletee kazi yako humu ndani."

"Siku gani?"

Akatupa jicho kwenye sahani. "Alhamisi. Si madonge haya?"

"Na mwezi?"

Akamwangalia Ragna. Upesi tu, kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Na Ragna, bila kuinua kichwa, akachezesha midomo bila sauti.

"Novemba," Oddgeir akasema. "Umeridhika?"

Nikamwangalia mwanangu. Naye akainuka, akachukua koti, akatoka.

*

Nilimkuta gereji, ndani ya Suluhu, kwenye kiti cha kulia. Waya wa chaji ulikuwa umechomekwa, taa ndogo inawaka na kuzimika. Nikafungua mlango wa dereva nikakaa kando yake.

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwaka jana." Hakunitazama. "Siku moja alinichukua shuleni, akafika njia panda akasimama. Magari yanapiga honi nyuma. Akaniuliza kama kwa utani, 'Haya, msoma ramani wangu, wapi?' Nikamwambia kushoto. Kesho yake tena. Njia ya kwenda kiwandani, mama! Anayopita tangu sijazaliwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia nataka kujifunza kuendesha, ili niwe naye kila siku. Nikiendesha mimi, hapotei. Akiendesha yeye, nakaa hapa namwambia. Sasa kivuko. Sasa handaki. Hapa kulia, baba. Mbele za watu anafanya kama ni mchezo wa mashindano."

Nami nilikuwa nafurahi! Nilikuwa nawapungia mkono dirishani, nasema tazama baba na binti wanavyopendana, mpaka wanasafiri pamoja kila asubuhi.

"Ragna, kwa nini hukuniambia mimi? Mimi, wa kazi hii?"

"Ndiyo sababu." Sauti ikamkatika. "Aliniomba. Alisema, 'Mama yako anashinda na watu wa namna hii. Nataka akirudi nyumbani amkute mume.'"

Niliushika usukani kwa mikono miwili. Sikuwa na kitu kingine cha kushika.

"Niambie siku ile."

"Siku ile ilikuwa zamu yangu, kweli kabisa. Kutoka mjini ni mimi. Tulipofika kwenye ile barabara iliyonyooka, akasema, 'Niachie kidogo, Ragna. Mara moja tu, nilisikie.' Nikakataa. Akaniomba tena, mama, kama mtoto anayeomba peremende. Nikampa."

"Aliendesha vibaya?"

"Vibaya?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Aliendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona! Gari limetulia barabarani kama limegandishwa. Alikuwa anacheka. Nikasema labda amepona. Mpaka kwenye kona. Pale mguu wake wa kushoto ukaanza kutafuta klachi."

"Hili halina klachi."

"Si ndiyo! Alikuwa amerudi kwenye magari yake ya zamani. Anakanyaga hewa, anakanyaga, hakuna kitu. Akaogopa, akakanyaga kilichokuwa karibu. Na Mzee Leidulf anavuka na toroli lake la viazi, na gari halina kelele, hakutusikia."

Akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Nilipomaliza kumwangalia mzee, nikarudi kwa baba. Alikuwa bado amekaa. Akaniuliza, 'Nani amemgonga?' Mama, hakuwa anajifanya. Aliniuliza. Nikaona akijua atakufa palepale. Nikamwambia ni mimi. Yeye ndiye niliyemwambia wa kwanza. Polisi walikuja baadaye."

"Na akakuamini."

"Palepale."

Nikamvuta kichwa, nikamlaza begani. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kitu juu ya mtoto anayemfichia baba yake, halafu kilio kikamwangukia yeye.

"Kesho tunakwenda polisi," nikasema.

Akajichomoa. "Hapana!"

"Ragna, ukiandikiwa kosa hili, gari la wagonjwa usahau."

"Nitafanya kazi nyingine. Kazi zipo. Baba atapata kichwa kingine wapi? Mkisema, itabidi aambiwe. Ataumia. Halafu atasahau, ataambiwa tena, ataumia upya. Mara ngapi, mama? Wewe ndiye unayejua. Mara ngapi?"

Ndipo nikasikia mtu anakohoa.

Oddgeir alikuwa amesimama kwenye mlango wa gereji, na soksi tu, juu ya saruji ya baridi.

"Umesimama hapo tangu lini?" nikamuuliza.

"Muda." Alikuwa anamtazama Ragna. "Ni mimi?"

Ragna akanitazama. Nikatazama chini.

"Ni mimi, Ragna? Usinifiche."

"Ndiyo, baba."

Akashika boneti ya gari kwa kiganja.

"Na mimi nilikuwa nakugombeza."

"Kidogo tu."

"Nilikuambia nini?"

"Sikumbuki, baba," mwanangu akasema.

Oddgeir akalia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, kama mtu asiyejua machozi yanafutwaje. Tulipomshika, mimi huku na Ragna huku, alikuwa mzito kama mti uliokatwa.

"Tukaseme," akasema. "Sasa hivi."

"Kituo cha hapa hufungwa jioni, Oddgeir. Kesho asubuhi."

"Kesho?" Akaniangalia kwa hofu ambayo sijapata kuiona kwake, hata siku ile gari lake lilipopinduka mara tatu kwenye changarawe. "Kesho nitakuwa nalo kichwani?"

*

Nilipoamka, upande wake wa kitanda ulikuwa haujalaliwa. Nikashuka mbio.

Alikuwa jikoni, amenyoa, amevaa suti nyeusi ya maziko. Macho mekundu. Mezani kulikuwa na mkate na jibini la kahawia, hajagusa.

"Hukulala?"

"Niliogopa. Nikilala litaondoka." Akainuka. "Ni mimi niliyekuwa kwenye usukani. Ragna alikuwa kulia. Unaona? Bado lipo. Nipeleke kabla sijasahau."

Uwanja mzima ulikuwa umeganda, lakini Suluhu lilikuwa limeshajipasha moto lenyewe kwa saa aliyoipanga Oddgeir zamani, akiwa mzima. Vioo vikavu, viti vya moto. Oddgeir akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akashika kitasa. Mimi na Ragna tukasimama. Hakuna aliyethubutu.

Yeye mwenyewe akaachia. Akazunguka mbele ya gari polepole, mkono unapapasa boneti, akafungua mlango wa kulia, akaingia, akafunga mkanda.

Njiani alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa dukani. "Ni mimi niliyekuwa kwenye usukani. Ragna alikuwa kulia. Ni mimi niliyekuwa kwenye usukani."

Ragna nyuma, paji la uso limeegemea kioo.

Tukalifikia lori la maziwa, linapanda mlima kwa kujikongoja. Nikakaa nyuma yake. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya malori.

Oddgeir akaacha kurudia. Akanyoosha shingo kutazama mbele.

"Lipite."

"Kuna barafu."

"Tumevaa matairi ya misumari ya kushika barafu. Na mbele kweupe mpaka mdomo wa handaki. Lipite, mke wangu. Hatukulinunua libebe skii tu."

"Oddgeir..."

"Torunn. Mara moja."

Sijui kilichoniingia. Nikatoka upande, nikakanyaga.

Suluhu halikunguruma, halikutetemeka. Liliondoka tu, kama jiwe la manati, na lori likawa kitu cheupe kilichobaki nyuma. Nikapiga yowe. Oddgeir akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha viwanjani, cha mdomo wazi, ambacho ndicho kilichonifanya nimpende. Na nyuma nikamsikia Ragna naye anacheka. Tukaingia kwenye handaki watu watatu tunacheka kama wendawazimu, taa zinapita juu yetu.

"Unaona?" Oddgeir alikuwa akisema. "Unaona? Nilikwambia! Mke wangu dereva!"

Tukatokea upande wa pili. Ghuba ikafunguka, maji ya kijivu, milima imevaa nyeupe mpaka kiunoni. Oddgeir akaanza kusimulia shindano moja la zamani, jinsi tairi lilivyochomoka na yeye akamaliza kwa magurudumu matatu. Alisimulia vizuri. Hakukosea hata jina moja la washindani.

Halafu akanyamaza, akawa anatazama nje.

Nikangoja aanze tena kurudia yale maneno. Hakuanza.

Nikamtazama Ragna kwenye kioo. Naye alikuwa ananitazama. Wote wawili tulikuwa na swali moja, na wote wawili tuliogopa kuliuliza. Nikiuliza na jibu likawa halipo, nifanye nini? Nigeuze gari? Nikaendelea kuendesha. Nililaani lile lori, nikaulaani mguu wangu wa kulia, na bado, Mungu anisamehe, sikuwa tayari kukirudisha kile kicheko.

*

Polisi alikuwa yuleyule mwanamke kijana aliyekuja siku ya ajali. Alitukalisha chumbani kwake, akatupa kahawa.

"Mlipiga simu kwamba kuna jambo mnataka kuongeza."

"Mume wangu ana neno," nikasema.

Oddgeir akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasimama wima kama siku ya harusi yetu.

"Naitwa Oddgeir," akasema, na sauti ilikuwa imara. "Nimekuja kusema ukweli kuhusu ajali ya pale nyumba ya mashua. Ukweli wote, bila kumficha mtu."

Analo! Bado analo! Ragna akaupata mkono wangu chini ya meza, akaubana.

"Asante," polisi akasema kwa upole. "Basi tuanze na hilo moja. Siku ile, nani alikuwa akiendesha gari?"

Oddgeir akafungua mdomo.

Akaufunga.

Nikaona vidole vyake vinatembea kwenye mshono wa suruali, vinapapasa, vinatafuta. Saa ya ukutani ikawa inagonga. Akanitazama mimi. Ningeweza kuchezesha midomo, neno moja tu, kama alivyofanya Ragna mezani. Lakini polisi alikuwa hajanibandua macho.

"Bwana Oddgeir?"

"Ndiyo, ndiyo. Nakuja." Akatabasamu kwa adabu, jasho limemchuruzika kwenye kola. Akamgeukia Ragna. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa wema, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto wa watu aliyemwachia kiti kwenye kivuko. Kisha uso wake ukafunguka, kama aliyetuliwa mzigo.

"Mwulizeni msichana huyu," akasema. "Nadhani alikuwepo. Ana uso wa mtu asiyesema uongo."

Akakaa.

Polisi akageuza kiti chake. "Ragna?"

Mkono wa mwanangu ukachomoka kutoka kwenye wangu, naye akasimama.